Mbwa Anabaki na Nani Mchana? Niliyojifunza Nikimtafutia Popi Malezi

Kazi yangu ilipobadilika, ikawa lazima nitoke asubuhi na kurudi jioni, Popi alikuwa ameshazoea kuniona ndani kutwa nzima. Ni mbwa jike wa umbo la kati. Nilimchukua akiwa ameshakomaa. Ni mpole kwa watu lakini hushtushwa na vishindo na msongamano. Haikupita muda majirani wakaanza kunieleza kwa staha kwamba nikishatoka analia, na mmoja akasema hubweka mpaka sauti inamkauka.

Nilipoanza kuuliza watu, ushauri ulikuwa wa aina moja: tafuta kituo kizuri cha kulelea mbwa mchana, lipia, umalize. Hakuna aliyeniuliza Popi ni mbwa wa namna gani. Baada ya yote tuliyopitia, naamini hilo ndilo swali la kwanza kabisa, na ukilijibu kwa ukweli utaokoa pesa, muda na machozi.

Kabla hujaenda kutazama kituo chochote, jua kinachotokea nyumbani ukiwa haupo. Niliweka simu ya zamani juu ya kabati irekodi, nikaondoka kama kawaida yangu. Kuitazama ile video kuliniumiza sana. Kabla hata sijafika mbali, Popi alikuwa mlangoni anahema, udenda unamtoka, anakwaruza fremu kwa kucha, anakimbilia dirishani, anarudi tena mlangoni. Nusu saa ya kwanza ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Baadaye alilala chini ya mlango macho wazi, na chakula anachokipenda nilichomwachia hakukigusa mpaka niliporudi.

Daktari wa mifugo aliitazama video hiyo kwa makini, akanieleza tofauti ambayo naona kila mwenye mbwa angepaswa kuijua. Mbwa aliyechoshwa na upweke tu hutafuna chochote anachokikuta, kiatu, mto au pipa la taka, na katikati hulala vizuri. Mwenye hofu ya kutenganishwa na mtu wake huelekeza nguvu zake mlangoni na madirishani, hutokwa udenda, hujikojolea, na hukataa kula akiwa peke yake. Yule wa kwanza anaweza kutulizwa na matembezi marefu na vitu vya kuchezea. Yule wa pili anahitaji mtu awe karibu. Daktari alimpima mkojo pia, kwa kuwa kukojoa ndani wakati mwingine ni ugonjwa wa kibofu wala hakuhusiani na hofu. Akanionya nisimgombeze nikirudi na kukuta uharibifu: mbwa hawezi kuunganisha hasira yangu ya jioni na mlango alioukwaruza asubuhi, kwa hiyo ninachomfundisha ni kuogopa kurudi kwangu.

Mazoezi ya kumzoesha kubaki peke yake yapo, na tuliyaanza. Unatoka kwa sekunde chache, unarudi kabla hajaingiwa na hofu, unaongeza muda kidogo kidogo. Ni kazi ya wiki na miezi. Shida ni kwamba katika kipindi hicho asiachwe peke yake zaidi ya uwezo wake, maana kila mshtuko mpya hubomoa ulichokijenga. Kwa hiyo malezi ya mchana yalihitajika mara moja.

Niseme kidogo kuhusu chanjo, kwa sababu ndiyo kipimo rahisi cha kituo. Mahali panapojali watadai kadi ya chanjo kabla hata hujaruhusiwa kuingia na mbwa: kichaa cha mbwa, distempa (ugonjwa wa virusi unaoshika mapafu na ubongo), parvo (virusi vya utumbo vinavyoleta kuhara damu), homa ya ini ya mbwa, na mara nyingi leptospira (bakteria wanaoenezwa kwa mkojo, hasa wa panya). Kikohozi cha mbwa kina chanjo yake, ambayo haimo katika orodha ya kawaida ya kila kliniki, na huhitaji siku kadhaa ili ifanye kazi, kwa hiyo usiisubirishe mpaka jana yake. Dawa ya kupe na viroboto iwe imeshatumika. Kituo kisichokuomba kadi hakijawaomba wenzako pia, na mbwa wako ndiye atakayelala nao sakafu moja.

Kwa mtoto wa mbwa uangalifu uwe mara mbili. Dozi zake hutolewa kwa awamu, ya mwisho akiwa na takriban wiki 16, na kabla ya hapo parvo inaweza kumuua. Virusi hivyo hubaki kwenye udongo kwa miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haiviui. Dawa yenye klorini ndiyo hufanya kazi hiyo. Ndiyo maana swali la sakafu inasafishwa kwa nini ni swali halali, usione haya kuliuliza. Lakini pia usimfungie kabisa, kwa sababu kati ya wiki ya 3 na ya 14 ndipo mbwa hujifunza kuiona dunia bila woga. Mkutanishe na mbwa wachache wazima, waliochanjwa, katika nyumba unazozijua.

Kituo cha kwanza nilichokitembelea kilikuwa na mapokezi ya kupendeza na picha kubwa ukutani. Nilipoomba kuona nyuma, mbwa wanakoshinda, niliambiwa wageni huwavuruga. Ni kweli mgeni huwapandisha mbwa mori. Lakini palipo na nia kuna njia: dirisha la kuchungulia, kamera, au saa ambayo mbwa wamelala. Niliaga nikaondoka.

Cha pili kilinivutia. Eneo kubwa lenye nyasi, kivuli, na mageti mawili yanayofuatana ili mbwa akichomoka kwenye moja azuiwe na la pili. Walinitembeza kote. Walimkutanisha Popi na mbwa mmoja mpole kwanza, kisha mwingine, jambo ambalo ni la kitaalamu. Nililipia kifurushi cha mwezi mzima kwa sababu kilikuwa nafuu kuliko kulipa kwa siku. Maswali mawili hayakuulizwa siku ile: saa sita mchana mhudumu mmoja anaangalia mbwa wangapi, na mbwa wanalala saa ngapi.

Jioni za mwanzo Popi alifika nyumbani, akanywa bakuli zima la maji, akaanguka kwenye godoro lake bila hata kula. Wahudumu waliniambia amecheza mpaka amechoka, nami nikalala na amani. Kila niliyemsimulia alifurahi pamoja nami. Kumbe uchovu wa mbwa una sura zaidi ya moja. Mbwa mzima hulala saa 12 hadi 14 kwa siku, sehemu ya usingizi huo ikiwa ni mchana. Anayeshinda katikati ya kelele bila kufumba macho hurudi akiwa hoi, na hoi huyo hana uhusiano na furaha. Sauti yake ilikuwa imekauka. Kinyesi kikawa laini. Tukitembea, akaanza kuwangurumia mbwa ambao zamani alipishana nao bila kuwatazama.

Kisha ikaja ile asubuhi getini. Alishuka vizuri, akatembea hatua chache, halafu akakita miguu ya mbele. Kamba ikakaza. Kola ikapanda mpaka ikamfika nyuma ya masikio, ngozi ya paji la uso ikajikunja, na kucha zake zikawa zinakwaruza saruji huku mwili wote ukirudi nyuma. Mhudumu akatoka akicheka kwa wema, akasema wengi hufanya hivyo, wakishaingia husahau. Popi hakubweka wala hakulia. Alinitazama tu.

Siku hiyo niliomba ruhusa kazini nikarudi mchana bila kutoa taarifa. Kelele nilizisikia kabla sijalifikia geti. Ndani alikuwapo kijana mmoja na mbwa zaidi ya ishirini, wakubwa kwa wadogo, naye alikuwa anaosha sakafu kwa mpira wa maji huku akijaribu kuwatazama wote. Simlaumu, hakuna binadamu anayeweza. Popi alikuwa chini ya benchi, mgongo umebanwa ukutani, mdomo umefungwa, analamba midomo, weupe wa jicho ukionekana pembeni. Mbwa mmoja kijana, mkubwa, alikuwa anamjia na kumwekea mguu mgongoni. Popi anageuza uso, anapiga mwayo. Yule anaondoka, anazunguka, anarudi. Hakuna aliyeng'atwa siku hiyo, kwa hiyo katika daftari lao ilikuwa siku njema.

Lugha hiyo ya mwili jifunze mapema, maana ndiyo ripoti pekee ambayo mbwa anaweza kukupa. Kulamba midomo pasipo chakula, kupiga mwayo pasipo usingizi, kugeuza kichwa, kuficha mkia, mwili kukakamaa ghafla: yote ni maombi ya kuachwa. Mkia unaotikisika peke yake si ushahidi wa furaha, kwa sababu mbwa aliyepandwa na hasira hutikisa mkia pia. Mchezo wa kweli una dalili zake. Mbwa huinamisha kifua chini na kuinua makalio, mwili umelegea, wanabadilishana zamu ya kukimbiza na kukimbizwa, na mara kwa mara wanasimama kupumua. Ukiona mmoja anakimbiza tu na mwingine anajificha tu, mshike yule anayekimbiza kwa muda kidogo. Mwenzake akirudi kumchokoza, walikuwa wanacheza. Akitumia nafasi hiyo kukimbia, alikuwa anateswa. Mhudumu asiyejua kipimo hiki sitamwachia mbwa tena.

Wanaoifanya kazi hii kwa uangalifu hujitahidi mhudumu mmoja asizidishe mbwa 10 hadi 15, na huwapunguza wakiwa vijana au wenye fujo. Huwatenga wadogo na wakubwa, kwa kuwa mbwa mkubwa anaweza kumvunja mdogo bila hata kuwa na nia mbaya. Huwalaza. Kuna vyumba tulivu na saa maalumu ya taa kupunguzwa na kila mmoja kupumzika mahali pake. Ukisikia kituo kinajisifu kwamba mbwa wanacheza kutwa nzima bila kupumzika, hilo ni onyo.

Tulipokuwa tunajiandaa kukihama kituo kile, Popi akaanza kukohoa, kikohozi kikavu cha kukwama, kana kwamba ana kitu kooni. Mbwa wengine pale walikuwa wanakohoa tangu siku kadhaa nyuma na wenye mbwa hatukuambiwa. Kwa mbwa mwenye afya, ugonjwa huu mara nyingi huisha wenyewe ndani ya wiki chache, lakini unaambukiza kwa kasi, kwa hiyo ilibidi abaki nyumbani, nami nibaki naye. Siku za likizo zikaenda, malipo ya kliniki yakaja, na kifurushi cha mwezi hakikurudishwa. Nilipolalamika, waliniambia kila kituo hupata kikohozi. Hilo ni kweli, na hata chanjo haizuii vyote, maana vimelea vinavyokisababisha ni vingi. Nilichotaka ni ujumbe mmoja tu siku ya kwanza. Basi, kabla ya kulipa popote, uliza wanafanya nini mbwa mmoja akianza kukohoa au kuhara, na uliza pesa ya siku ambazo mbwa ni mgonjwa inakwenda wapi. Anza kwa kulipa siku moja moja hata kama ni ghali zaidi.

Kipindi kile nilikuwa naketi kazini na fundo kooni. Niliwahi hata kufikiria kumpa mtu mwingine Popi, nikiamini ninamtesa. Nalisema hili wazi kwa sababu najua wapo wanaolipitia sasa hivi kimyakimya. Daktari ndiye aliyenituliza. Alinieleza kuwa mbwa wengi waliokomaa, hasa baada ya miaka miwili au mitatu, hawapendi tena makundi makubwa, na kwamba hilo si kasoro. Popi hakuhitaji marafiki ishirini. Alihitaji mtu mmoja na mahali pa kulala.

Nikaanza upya kuhesabu njia zilizopo. Mtu wa kuja kumtembeza mchana ni msaada mkubwa kwa mbwa anayeweza kukaa peke yake saa kadhaa. Popi alikuwa hajafika huko. Mtu wa kukaa naye nyumbani kwako hufaa sana kwa mbwa mzee, mgonjwa au mwoga, kwani harufu na godoro ni vilevile, ila unampa mtu ufunguo na kwa kawaida gharama ndiyo ya juu kuliko zote. Kubadilishana zamu na mwenye mbwa mwingine hakugharimu pesa, lakini kunataka mbwa wanaopatana na ratiba zinazokubaliana. Kundi kubwa nalo lina mbwa wake: kijana, mchangamfu, anayewakimbilia wenzake kila akiwaona. Nimewaona wanaolivuta geti wenyewe asubuhi, na kwao kituo ni baraka.

Tuliangukia kwa mama mmoja anayelea mbwa wachache nyumbani kwake. Tulipofika mara ya kwanza hakumwita Popi wala kunyoosha mkono kumpapasa kichwani. Aliketi sakafuni, akampa ubavu badala ya uso, mikono mapajani, akaendelea kuzungumza nami. Popi alinusa kiatu, akarudi miguuni kwangu, akaenda tena akanusa goti. Mara ya tatu akaweka kidevu kwenye paja la yule mama. Hapo ndipo mkono wake ulipoinuka, ukamkuna chini ya shingo, ukatulia kumsikiliza kama anataka tena.

Aliniuliza mengi kuliko niliyomuuliza. Popi anaogopa nini? Mara ya mwisho kunguruma ilikuwaje, na nani alikuwapo? Akisogelewa wakati anakula anafanya nini? Anaombaje kutoka nje? Ameshafungwa kizazi? Alinieleza kwamba mbwa jike akiwa kwenye joto, yaani msimu wa kutaka dume, hampokei, na kwamba kila mbwa hula peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, kisha hupumzika kabla ya kutoka kucheza. Kwa mbwa wenye kifua chenye kina kirefu pumziko hilo ni la muhimu, kwa kuwa tumbo linaweza kujaa hewa na kujipinda, na hiyo ni dharura ya kuua.

Nami nilikuwa na yangu. Nilimuuliza afanyeje mbwa wawili wakipigana. Alisema hawashiki kola, kwani mkono ndio utakaong'atwa. Hupiga kelele kubwa, humwaga maji, au husukuma ubao katikati yao. Nilimuuliza anamtulizaje anayebweka sana. Alisema humwondoa kwenye kinachombwekesha. Angetaja kupiga, kola ya umeme au kumpulizia mbwa maji usoni, ningeinuka. Nilimuuliza kama kumewahi kutokea ajali, akanisimulia moja bila kuificha pamoja na alichobadilisha baada yake. Anayedai kuwa kwake hakujawahi kutokea lolote, ama ndiyo kwanza anaanza, ama anaficha.

Joto nalo liulizie. Mbwa hupoa zaidi kwa kuhema, jasho lake ni dogo mno. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, likifika 41 maisha yake yamo hatarini, na wenye pua fupi hufika huko haraka kuliko wengine. Kivuli, maji katika sehemu zaidi ya moja, na mtu anayejua kuwaingiza ndani jua likiwa kali, hivyo viwepo.

Nilimwachia karatasi moja: namba yangu, namba ya mtu mwingine wa kuamua nisipopatikana, ya daktari, dawa anazotumia, namba yenye tarakimu 15 ya chipu yake ya utambulisho iliyo chini ya ngozi, na ruhusa yangu ya maandishi atibiwe hata kabla sijafika, pamoja na kiwango cha gharama anachoweza kukiidhinisha bila kunisubiri. Nimeongeza vitu vya kutompa kabisa: chokoleti, zabibu mbichi au kavu, vitunguu, na peremende zenye zailitoli, ile sukari mbadala. Mama yule alikuwa anavijua, lakini wageni wake huenda wasivijue. Kola yake tulibadilisha tukaweka ya kufunguka ikivutwa kwa nguvu, maana mbwa wakicheza taya huweza kunasa kwenye kola ya mwenzake.

Tulianza na saa moja, nikiwapo. Kisha saa moja bila mimi. Kisha nusu siku, na blanketi ambalo sikulifua ili libaki na harufu ya nyumbani. Niliaga kwa sauti ya kawaida nikaondoka bila kurefusha. Wiki za mwanzo niliomba video badala ya picha. Picha hukamata nukta moja ambayo ulimi uko nje na mbwa anaonekana kucheka, lakini video ya dakika moja inaonyesha mwili unavyokwenda. Ile niliyoitazama mara nyingi kupita zote haina tukio lolote: Popi amelala ubavu katikati ya sebule, mbwa mwingine anapita karibu yake, na sikio lake halitikisiki.

Gharama kwa siku ni kubwa kuliko kituo. Nimeipunguza kwa kuzungumza kazini nikabaki nyumbani baadhi ya siku, na kwa kuendelea na yale mazoezi, hivi kwamba sasa anaweza kubaki peke yake asubuhi fupi. Dalili ninayoitazama ni ileile kila siku: namna anavyokwenda kuelekea geti, na namna anavyokula jioni.

Bado huwa napita mapema pasipo taarifa, na mama yule ameniambia hilo halimkeri. Wiki iliyopita alinieleza kwamba amepokea mbwa mpya kijana na Popi ameanza kujitenga saa za alasiri, kwa hiyo humhamishia chumba cha mbele na kufunga mlango. Tumekubaliana amwangalie wiki mbili, na ikiwa bado anajitenga, siku za yule kijana na za Popi zitenganishwe.